Wageni wa kujitolea sanaa Kigoma: maswali mnayoniuliza kila mara

Naandika hapa nikiwa Mwanga, Kigoma mjini, na nimeamua kuyaweka yote sehemu moja maana wasapu yangu imejaa na kumjibu mtu mmoja mmoja nimechoka kusema kweli. Kwa wasionijua, ni zaidi ya miaka kumi sasa napokea wageni kutoka nje wanaokuja kujitolea mambo ya sanaa: uchoraji, muziki, maigizo, mmoja alikuja na begi zima la vikaragosi. Kazi yangu ni kuwatafutia shule au kikundi cha kufanya nacho kazi, kuwatafsiria, kuwatafutia chumba, na kuwakimbiza hospitali ya Maweni homa ikipanda saa nane usiku. Wanaoniuliza ni walimu, wazazi, wasanii wa hapa hapa, na siku hizi vijana wa Dar na Nairobi wanaotaka kuja wenyewe. Najibu kama ninavyoongea, msinisahihishie kama insha.

Hivi Kigoma hakuna sanaa mpaka tuletewe na wazungu?

Ipo bana, na ipo ya kumwaga. Nenda Ujiji wakati wa maulidi usikie dufu na kasida, nenda Kasulu Jumapili ukae nje ya kanisa lolote usikilize kwaya, nenda harusi ya Wabembe au Wamanyema uone watu wanavyocheza mpaka vumbi linaingia kwenye pilau. Waha wana ngoma zao, mama zetu wanasuka mikeka huku wanaongea na macho hayaangalii mikono. Hata hao wakubwa wa bongofleva, Diamond na Ali Kiba, ukifuatilia asili unaishia huku huku. Kipaji sio shida yetu.

Shida ni kwamba darasa lina watoto mia na kitu, mwalimu mmoja, na chaki zinahesabiwa. Somo la sanaa na michezo limo kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, ila aliyepangiwa kulifundisha mara nyingi ni mwalimu wa hesabu ambaye hana hata kopo moja la rangi, sasa afanyeje, anawapa mpira watoke nje. Hapo ndipo mgeni anapata kazi: ana muda, ana vifaa kidogo, ana mbinu ambazo mwalimu wetu anaweza kuzichukua akabaki nazo. Mgeni anayekuja akidhani amekuja kuwasha taa kwenye giza huwa tunasumbuana wiki ya kwanza tu, na ya pili anaanza kunilaumu mimi.

Anafanya nini hasa kila siku?

Wiki ya kwanza hafundishi. Nalisema hili kabla hajakata tiketi na bado wengine wananuna. Wiki ya kwanza anazunguka, anakaa nyuma ya darasa, anasalimia mwenyekiti wa mtaa, anakula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wetu wa ziwani, anajifunza kuhesabu saa zetu maana mwingine aliambiwa saa mbili akatokea saa nane mchana. Baada ya hapo ni vipindi vya mchana masomo yakiisha, saa nane na nusu hadi saa kumi, siku tatu au nne kwa wiki, na Jumamosi asubuhi na kikundi cha vijana wa mtaani. Siku nyingine zinaliwa na kuandaa vifaa na kukaa na mwalimu mwenzake kupanga. Nasema mwalimu mwenzake kwa sababu hakuna mgeni anayeingia darasani kwangu peke yake. Lazima awepo mwalimu wa shule au msanii wa hapa, wote wawili mbele ya ubao, na kama mwalimu hana nafasi siku hiyo basi kipindi hakuna.

Wiki mbili zinatosha?

Kwa kufundisha hazitoshi. Kwa kupiga picha zinatosha, na ndio shida yenyewe. Mimi nataka miezi mitatu kwenda juu, na mtu mwenye wiki mbili namwambia aje afanye kazi na walimu tu, semina ya siku tano, asiguse watoto, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu akishamzoea mtu na huyo mtu akapotea, mwingine akaja, akapotea, anaanza kuwa mtoto wa kukumbatia kila mgeni anayeshuka kwenye bajaji. Nimeliona hilo na halifurahishi.

Tena angalieni kalenda. Shule zinafunguliwa Januari, Juni kuna likizo, Desemba ndefu zaidi. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba zinakwenda mpaka Mei, na darasa la bati mvua ikinyesha hamsikilizani, hata kuimba hakusaidii. Mgeni wa Ulaya anapenda kuja Julai na Agosti maana ndio likizo yake, na bahati nzuri kwetu ni kiangazi, kwa hiyo hapo tunapatana.

Viza ya kutembea si inatosha kwa sababu halipwi?

Haitoshi. Hapa ndipo watu wanapigwa faini au kurudishwa. Viza ya kawaida ya dola 50 ni ya matembezi, na kujitolea hata kama hulipwi senti inahesabika kuwa ni shughuli. Wanaojitolea wanaingia kwenye kibali cha ukaazi daraja C, na anayekuja muda mfupi aulize Uhamiaji mapema aambiwe aingie kwa utaratibu gani, sio kufika Dar ndio aanze kunipigia. Kibali kinaombwa na taasisi inayompokea, kwa hiyo taasisi iwe imesajiliwa kweli, iambieni iwaonyeshe cheti.

Halafu kuna ngazi za hapa nyumbani ambazo wageni hawazijui. Barua inaenda kwa mkurugenzi wa manispaa au wa halmashauri, afisa elimu apate nakala, afisa utamaduni apate nakala, kisha mtendaji wa kata, ndio unafika kwa mwalimu mkuu. Ukianzia kwa mwalimu mkuu unamweka mtu wa watu pabaya. Onyesho la hadhara lenye msanii wa kigeni lina kibali chake BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kupiga filamu ni Bodi ya Filamu, na droni ni habari nyingine kabisa, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kumbukeni huku ni mpakani. Msirushe droni ufukweni Kibirizi mkasema mlikuwa mnapiga picha ya machweo.

Kwa nini mtu alipe hela ili ajitolee? Na hela inaenda wapi?

Swali la haki kabisa. Mama mmoja wa Gungu aliniuliza, "yaani anatoa mamilioni aje afundishe watoto wangu kuchora nyumba, na mimi ada ya chekechea nashindwa?" nikakosa la kusema pale pale.

Iko hivi. Kuna mipango ya serikali zao ambayo mtu halipi au analipa kidogo, kama Peace Corps ya Marekani ambayo ipo toka 1961 na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, ila hao wanaangalia zaidi elimu, afya na kilimo, sanaa ni ya pembeni. Halafu kuna makampuni yanayouza safari za kujitolea kama yanavyouza safari ya mbuga. Mteja analipia hukohuko kwao, sehemu kubwa inabaki kwenye ofisi na matangazo, huku inafika ya chumba na chakula. Sio lazima wawe wezi, ofisi zina gharama, lakini mgeni ana haki ya kuuliza, na sisi tunaompokea tuna haki zaidi.

Mimi namwambia mgeni aulize vitu vitatu kwa maandishi: familia inayomlaza inapata shilingi ngapi kwa usiku, mkalimani analipwa ngapi, na msanii wa hapa anayefundisha naye analipwa ngapi. Wakijibu kwa maneno mazuri bila namba, aachane nao.

Sisi wasanii wa hapa tunapata nini?

Malipo. Nimesema malipo, sijasema cheti wala fulana.

Nina kidonda changu hapa. Miaka ya nyuma kuna kikundi kilikuja kutoka nje, sitakitaja, wakamtaka mzee mmoja mpiga ngoma wa Ujiji afundishe watu wao wiki tatu, kila siku asubuhi, na siku ya mwisho apige kwenye onyesho la kufunga. Mzee akaenda kila siku kwa mguu na ngoma begani. Siku ya mwisho wakampa fulana na soda, wakamrekodi kwa kamera tatu, wakaondoka. Aliyetafsiri makubaliano ni mimi, na kwenye makubaliano nilidhani "mchango wa jamii" maana yake ni wao watachangia jamii, kumbe maana yake jamii ndio inachangia. Mzee hakunigombeza, alinirudishia ile fulana tu akasema, "Hainitoshi."

Toka hapo nina karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: siku ngapi, saa ngapi, hela ngapi kwa siku, nauli ya bodaboda mbali, na kama mnarekodi basi rekodi inatumika wapi na msanii anapata nini ikiuzwa. Na ninyi wasanii msione aibu kutaja bei. Mgeni amezoea kuambiwa bei, ndio maisha yake yote huko kwao.

Kiingereza sijui, nitafanya naye kazi vipi?

Unafanya vizuri tu, na mara nyingine vizuri kuliko anayekijua, maana mnalazimika kuonyeshana kwa mikono. Ila watoto wanatakiwa kuelewa, kwa hiyo mgeni ajifunze Kiswahili cha darasani walau maneno hamsini. Dada mmoja alijifunza kwa bidii sana, akasimama mbele ya darasa zima akasema kwa sauti, "Watoto, leo tunachoma samaki!" Alitaka kusema tunachora. Kimya, halafu mtoto wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mkaa uko wapi?" Lile darasa halikukaa sawa mpaka kengele ikagonga, na mpaka anaondoka walimwita mwalimu Choma.

Huko vijijini Buhigwe na Kasulu wadogo kabisa wanaongea Kiha zaidi, kwa hiyo mwalimu wa hapo ndiye anayeshika usukani, mgeni na mimi tunakuwa wasaidizi.

Vifaa gani alete?

Vichache, na viwe vya aina ambayo ikiisha inapatikana soko la Mwanga. Hili nitaliongea kwa urefu maana ndipo hela nyingi zinapotea.

Mgeni mmoja alileta vayolini sita, vayolini kweli, nzuri, kwenye maboksi yake yenye manyoya ndani. Watoto walifurahi mno. Mwezi wake wa pili hapa nyuzi zikaanza kukatika, na nyuzi za vayolini Kigoma hamna, nikauliza mpaka Mwanza. Mgeni akaondoka Agosti, ilipofika Krismasi vayolini zote ziko juu ya kabati la ofisi ya walimu, na kwa ninavyojua ziko hapo mpaka leo zinalinda mitihani ya zamani. Laiti angekuja na hela ya kumlipa fundi wa hapa atengeneze zeze na malimba, kitu kikivunjika kinarudi kwa fundi.

Kwenye uchoraji ni hivyo hivyo. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya makopo inayopakwa kwenye baiskeli, vitu vya dukani, na mtindo ukaenda dunia nzima. Hatumpi mtoto rangi ya mafuta lakini, harufu yake ni kali na hainawiki, tunatumia ya maji. Tumeshafanya darasa la watoto 90 kwa brashi 20: wengine wanatafuna ncha ya kijiti kama mswaki mpaka inakuwa nyuzinyuzi, inapaka vizuri tu. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, nyekundu ni udongo wetu huu, njano ni manjano ya jikoni, na gundi ni uji mzito wa muhogo. Karatasi ni maboksi yaliyofunguliwa, muombe mwenye duka mapema kabla hajayauza. Siku ya kwanza kufanya hivi mgeni aliyekuwepo alishika kipande cha boksi chenye udongo juu akaniuliza hii itadumu miaka mingapi, nikamwambia mvua ya kwanza. Akacheka. Ila watoto walishajua kutengeneza rangi na hakuna wa kuwanyang'anya hilo.

Ngoma tunafanya kwa madumu ya lita 20 na ndoo zilizopasuka. Ngoma za ngozi ziko kwa mafundi, za kununua, sio za kuazima.

Tunataka watuchoree ukuta wa shule, mnaonaje?

Chora, ila msikilize fundi rangi kwanza. Kuna shule ilipigwa plasta wiki moja kabla mgeni hajafika, akapewa ukuta ukiwa mbichi, akachora simba na twiga kwa rangi ya gharama, na mvua za Novemba zikaanza kuleta chumvi ukutani, simba akamenyeka kuanzia mguuni. Plasta inatakiwa ikae karibu mwezi ikauke, halafu prima, ndio rangi.

Lakini mimi kilichoniuma sio kumenyeka. Bibi mmoja anayeuza maandazi getini aliniuliza taratibu, "Mbona hakuna mtumbwi?" Kweli, ukuta mzima, shule iko mita mia mbili kutoka Ziwa Tanganyika, watoto wale hawajawahi kumuona twiga maishani na mgebuka wanamla kila siku. Baada ya hapo sheria yangu ni kwamba watoto wanachora kwanza kwenye maboksi, wazazi wanaitwa kuangalia, na kinachopanda ukutani ni kile walichochagua. Ukuta wa pili una mitumbwi, una treni, una mwembe wa Ujiji, na una sokwe wa Gombe amevaa sare ya shule. Sokwe ndio aliyepata kura nyingi.

Maigizo yanafaa kwa ajili gani, au ni kuchekesha tu?

Kuchekesha ni kazi pia. Ila kuna namna moja ambayo mimi naiamini sana, wageni wengi wanaijua kwa jina la Mbrazil Augusto Boal aliyeianzisha miaka ya 1970: mnaigiza tatizo mpaka linaishia vibaya, halafu mnarudia, na mtu yeyote kwenye hadhira anaweza kupaza sauti "simama!" akaingia yeye mwenyewe kwenye nafasi ya mhusika kubadilisha mambo. Msidhani ni kitu kigeni kwetu, kina mama Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanakaa vijijini wakitengeneza maonyesho na wanakijiji wenyewe toka miaka ya 1980, na kanuni ni ileile kwamba mwenye tatizo ndiye mwenye mchezo.

Tulifanya Katonga na kikundi cha vijana na mgeni mmoja Mholanzi. Mchezo ulikuwa mvuvi anarudi na hela ya dagaa, mke anataka ya sare za shule, mume kaahidi rafiki zake bia. Raundi ya kwanza mke analia, mume anaondoka. Tukarudia. Akasimama bibi muuza dagaa, mtu mzima kweli, akamsukuma binti aliyekuwa anaigiza mke, akaketi. Mume anaingia na mfuko wa hela, anauweka chini ili avue makoti, bibi akasogea kimyakimya akaukalia ule mfuko. Basi. Mume anaomba, anabembeleza, anatisha, bibi anachambua dagaa za kuigiza wala hainui kichwa. Wanawake waliangua vigelegele, na wanaume kuna waliocheka na kuna walioanza kuangalia viatu. Mholanzi hakuelewa neno hata moja na alielewa yote. Baadaye mjadala ulienda saa nzima na haukuwa wa mchezo tena.

Kidokezo cha ratiba: kwenye mialo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, panga onyesho wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wako nyumbani. Ukipanga siku za giza utaigizia kuku.

Mtoto wangu wa kike acheze ngoma mbele ya watu? Na dini je?

Mzazi akisema hapana ni hapana, hatubishani, na mtoto hatengwi, anapewa kazi nyingine kwenye kikundi. Tunaita kikao kabla, tunaonyesha nguo zitakazovaliwa, tunasema onyesho litaisha kabla ya magharibi na nani atawarudisha nyumbani. Ujiji tunapanga vipindi visigongane na madrasa. Kuna ustadhi aliwahi kuniambia hapendi watoto wachore viumbe hai, nikamuuliza nakshi je, akasema nakshi hakuna neno, basi kikundi kile kikafanya nakshi za milango na maua ya vitenge, na kusema ule ukweli zilitoka kali kuliko za wengine wote.

Jambo jingine la ngoma. Ngoma kubwa za Warundi, zile za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, kwao hupigwa na wanaume, na 2017 serikali yao ikaweka katazo rasmi kwa wanawake. Huku kwetu sheria hiyo haipo, ila ukiwa na wazee wa Kirundi na mgeni wako anataka kuanzisha kikundi cha mabinti wa kupiga, waulize wazee kwanza kabla hujaleta ugomvi usioujua ulikotoka.

Picha za watoto wakichora, tunaruhusu?

Mikono, michoro, migongo, sawa. Sura, mpaka mzazi akubali kwa maandishi na ajue inaenda wapi, na akisema Facebook aonyeshwe Facebook yenyewe kwenye simu. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio mambo ya hisani. Na kama mgeni anaandika chini ya picha kwamba mtoto huyu hana kitu, mimi naomba ifutwe. Baba wa mtoto mmoja aliiona, ana mtumbwi wenye injini.

Vituo vya yatima?

Kwangu hapana. Watoto wengi kwenye vituo vya aina hiyo duniani wana mzazi hai, na kituo kikishajua wageni wanalipa, kinahitaji watoto. Anayetaka kuwasaidia wenye shida atawakuta shule ya serikali, wote wapo humo.

Na kwenye kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu?

Kambi huingii kwa kujuana. Kibali kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, idara ya wakimbizi, na unaingia kupitia shirika ambalo tayari linafanya kazi mle. Nyarugusu ipo toka 1996, kuna wanamuziki, waigizaji, washonaji, wachoraji wa Kikongo humo ambao wangekufundisha wewe. Ukipata nafasi, kafanye nao kazi.

Ila wakati ni kitu muhimu. Mei 2015 wakimbizi wa Kirundi makumi ya maelfu walipojazana kijiji cha Kagunga, meli ya Liemba ikawa inawavusha kuja mjini, wanakaa uwanja wa Lake Tanganyika, kipindupindu kimeingia, nikapata barua pepe ya mtu anataka kuja wiki inayofuata na rangi na karatasi kuwafariji watoto. Nia nzuri. Wakati ule mtoto alihitaji maji safi na choo. Nilimwambia aniandikie tena mwakani, na aliandika, na huyo ni kati ya wageni bora niliowahi kupata.

Na usimwambie mtoto achore vita. Mwambie achore anachotaka, akichora vita mwenyewe usimhoji mbele ya wenzake, muone mtu wa ustawi wa jamii. Kujua kuchora hakukufanyi uwe daktari wa akili.

Afya?

Malaria, malaria, malaria. Kigoma ni kati ya mikoa inayoongoza. Neti, dawa za kinga toka kwao, na akipata homa anapima siku hiyohiyo, sio kesho. Ziwani kuna sehemu zina kichocho, aulize wenyeji wanaogelea wapi.

Mimi Mtanzania naweza kujitolea, au ni ya wazungu tu?

Unaweza, na kwa kweli ndio nawatafuta. Kijana aliyesoma chuo cha sanaa Bagamoyo akija Uvinza miezi minne anafanya ambayo mgeni atayafanya kwa mwaka, kwa sababu hatafsiriwi na utani anaujua. Posho ni ndogo, siwadanganyi.

Kwenda nje inawezekana pia. Burundi ni jirani, ndani ya Afrika Mashariki, unapita Manyovu na pasipoti yako. Kwa Ujerumani kuna mpango unaitwa weltwärts, ulianza 2008 ukileta vijana wao huku, na toka 2013 ukafungua upande wa pili, vijana wetu wanakwenda kule, na kuna wanaopangiwa kwenye vituo vya utamaduni na vya watoto. Unaomba kupitia shirika la hapa lenye ubia na la kule. Mtu akikuambia mtumie laki tatu akushikie nafasi, huyo ni tapeli, mfungie namba. Na ukifika kule utaulizwa kama Tanzania mna sanaa, rudi juu kasome jibu la kwanza.

Kigoma mnafikaje?

Ndege ya ATCL, au basi, au treni ya reli ya kati, ile iliyofika hapa 1914, karibu kilomita 1,250 toka Dar. Mgeni wa sanaa namshauri treni mara moja. Tabora utakula kuku na utanunua asali dirishani, na utafika umeshafundishwa Kiswahili na behewa zima.

Wakiondoka, vifaa anabaki navyo nani?

Hili lilishagombanisha watu, kwa hiyo sasa kuna sanduku la bati, kufuli moja, funguo mbili. Mmoja yuko nao mwalimu wa somo, sio ofisi. Wa pili yuko nao mama wa mgahawa mkabala na shule, maana yeye yupo hata siku za likizo na hamuogopi mtu. Daftari liko ndani ya sanduku, anayechukua anaandika, anayerudisha anaandika. Mgeni anaondoka bila ufunguo. Nililifungua juzi kuhesabu: brashi 17, mikasi mitatu, nyekundu ipo, njano ipo, nyeupe nusu kopo. Bluu imeisha tena, kila mtoto anachora ziwa.